Ada si riba, riba si ada: wakili ambaye hamjui na pesa yenu anaijua

Wasee, leo nataka tuongee kuhusu wakili mmoja ambaye hamjui jina lake lakini ameingia kwa mfuko wako mara nyingi kuliko konda wa matatu.

Si yule wa TV anayepiga meza kortini Milimani kamera zikimwangalia. Huyu kortini haonekani sana. Anakaa ghorofa ya juu Upper Hill ama Westlands, na kazi yake kubwa ni kuandika. Inaitwa sheria ya benki na udhibiti wa fedha. Zile video za "siku moja katika maisha ya wakili" mnazotumiana humu zinaonyesha kahawa, suti, laptopu na dirisha la kuona jiji lote. Hakuna hata moja inayokuonyesha kile anachoandika. Na mimi kila wiki naulizwa DM na watu wanaongoja matokeo ya KCSE, wengine wako mwaka wa pili wa sheria tayari: "Ni sheria gani iko na doo?" Jibu ni hii. Doo iko. Mimi swali langu ni doo hiyo unalipwa kwa kuandika nini.

Tuanze 2016. Bunge lilipitisha sheria ya kuweka kikomo cha riba, Rais akatia sahihi mwezi wa Agosti, ikaanza kufanya kazi Septemba 14. Ilisema benki isikukopeshe kwa riba inayozidi kiwango cha Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4. Mwezi huo huo Benki Kuu ilishusha kiwango chake hadi 10, kwa hivyo kikomo kikawa asilimia 14. Kwa mwaka. Shika hiyo ya mwaka vizuri.

Sasa, mkopo ambao mimi na wewe tunaujua ni upi? Si ule wa kujenga nyumba Syokimau. Ni wa simu. M-Shwari ilikuwa sokoni tangu Novemba 2012, mkopo wa benki kabisa, benki yenye leseni, na ilikuwa inakata asilimia 7.5 kwa siku 30. Ukichukua ngiri moja unarudisha 1,075. Ukichelewa, unaongezewa siku 30 zingine na 7.5 nyingine. Piga hesabu ya miezi 12 uone. Ni 90. Weka hiyo 90 kando ya 14, halafu uniambie kama hungetarajia sheria mpya iifinye.

Haikuifinya. Ile 7.5 haikuwa imeitwa riba. Iliitwa ada, ada ya uwezeshaji. Sheria ya Bunge ilikuwa inaongea kuhusu riba, na hii ni ada, kwa hivyo kikomo kilipita juu yake kama ndege ya JKIA juu ya Embakasi. Wewe uliyekuwa chini ulisikia tu kelele.

Ngoja, bado. Kuna kifungu kingine cha zamani kwa Sheria ya Benki, Sura ya 488. Kifungu cha 44. Kinasema benki isiongeze viwango vya ada zake bila kupata idhini ya Waziri wa Fedha kwanza. Hapo sasa neno "ada" ndilo linaleta shida kwa benki. Kuna mteja, kampuni inaitwa Santowels, ilibishana na benki ya Stanbic kuhusu riba iliyokuwa ikipandishwa. Hoja ya benki ilikuwa nini? Kwamba kifungu cha 44 kinahusu ada, na riba si ada, basi Waziri haimhusu. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na Juni 2024 majaji wakasema hapana, riba iko ndani ya hizo ada, idhini ya Waziri inahitajika.

Angalia hiyo picha polepole. Sheria ikigusa riba, hii yetu ni ada. Sheria ikigusa ada, hii yetu ni riba. Najua hizi ni benki mbili tofauti, kwa miaka tofauti, na sisemi ni wakili mmoja aliyekaa akapanga yote. Ninachosema ni kwamba kuna kazi halali kabisa, yenye mshahara mzuri kabisa, ambayo ni kujua hilo neno likae upande gani wa mstari. Na anayeifanya vizuri anaokolea mwajiri wake pesa ambayo mimi na wewe hatuwezi hata kuitaja bila kuhesabu sufuri na kidole.

Na hapo ndipo hasira yangu iko. Si kwa sababu hiyo kazi ipo. Ni kwa sababu karibu kila kijana mwerevu anayeijua anaifanya upande mmoja.

Niwe mkweli kwa hii taaluma, juu kuna watu wataniita mchungu. Hawa mawakili wamewahi kujenga vitu ambavyo vimetulinda. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 hakukuwa na sheria ya pesa ya simu nchini. Hakuna. Safaricom si benki, na haikuwa na leseni ya kuchukua amana za watu. Kilichofanyika ni Benki Kuu kuandika barua ya kusema haina pingamizi, na pesa za watu kutengwa kabisa na pesa za kampuni. Zinashikiliwa na mdhamini, kwa akaunti za amana zilizo kwa benki, kwa niaba yako. Maana yake, kampuni ikianguka leo, wanaoidai hawawezi kusema salio lako ni mali yake. Hiyo si teknolojia. Ni karatasi, na kuna mtu aliikalia akafikiria ni nini kinaweza kuharibika. Sheria yenyewe ya mifumo ya malipo ilikuja 2011, miaka minne baadaye. Kwa hiyo miaka minne, kilichokuwa katikati ya mama mboga na hasara ni uandishi mzuri wa watu wachache.

Hiyo ndiyo kazi ikifanywa kwa roho safi. Ingine sasa.

Mnakumbuka zile apu za mkopo zilizojaa kwa simu zetu kabla ya 2022? Watu walikuwa wanauliza, "Serikali iko wapi?" Serikali ilikuwa imesimama mlangoni bila ufunguo. Sheria ya Benki inatambua biashara ya benki kwa kitu kimoja kikubwa: kuchukua amana kutoka kwa umma. Apu hizo hazikuchukua amana. Zilileta pesa zao, zikakopesha, zikadai. Kwa hivyo Benki Kuu haikuwa na leseni ya kuwapa wala ya kuwanyang'anya. Kuna wakili alisoma hiyo maana ya "benki", akaona pengo, akaambia mteja wake, pita hapa.

Na wengi walipita. Binamu yangu alikopa 3,000 kwa apu moja mwaka wa 2020. Siku ya nane baada ya tarehe kupita, walimpigia bosi wake. Wakampigia anti yetu aliye Kakamega, mtu ambaye hajui hata apu ni nini, wakamwambia "mtoto wenu ni mwizi". Wakampigia fundi wa maji ambaye namba yake ilikuwa tu kwa simu. Anti alilia. Alidhani kijana ameiba. Alituma hiyo pesa mwenyewe kutoka kwa chama, halafu kwa mwezi mzima hakuongea na binamu. Na ukifungua mkataba wa ile apu, iko pale, imeandikwa kwa Kiingereza kirefu, kwamba umekubali wasome orodha ya namba zako na "kuwasiliana na watu wengine kwa lengo la kufuatilia deni". Alibonyeza kukubali. Hiyo sentensi haikujiandika.

Sheria ya kurekebisha hilo ilipita Desemba 2021. Kanuni zikatoka Machi 2022, wakopeshaji wakapewa miezi sita waombe leseni, na kwa hizo kanuni ni marufuku kukutukana, kukutisha, ama kuanza kupigia watu walio kwa simu yako. Muda ulipoisha Septemba, maombi yalikuwa 288. Walioruhusiwa kwanza walikuwa 10. Kumi! Sasa fikiria hizo zingine zilikuwa zinafanyaje biashara hiyo miaka yote. Na tangu kifungu cha kwanza cha hiyo sheria hadi fomu ya mwisho ya maombi, kila kitu kiliandikwa na mawakili wa udhibiti wa fedha. Wale wa upande wa pili wa meza. Ni wachache, hawana video TikTok, na kama si wao anti yangu angekuwa bado anapigiwa.

Kuna kitu kingine kinanikasirisha hata zaidi, na ni kwamba tayari tuko na silaha na hakuna anayetuambia. Kifungu cha 44A. Kinafanya kazi tangu Mei 2007. Kinasema hivi kwa lugha ya mtaa: mkopo wako wa benki ukishaacha kulipika, riba ambayo benki inaweza kukudai kuanzia hapo haiwezi kupita ile pesa uliyokuwa umebaki nayo siku mkopo ulipoharibika. Ulikuwa umebakisha 40,000? Riba inagonga dari kwa 40,000. Jumla 80,000, na gharama za kufuatilia deni juu yake. Haiwezi kufika laki tatu eti kwa sababu ulinyamaza miaka mitano. Mawakili wanaiita kwa jina la Kilatini, wacha wakae nalo. Nimeuliza watu kwa kibanda cha chipo hapa Umoja, kwa kinyozi, kwa kikundi cha mabinamu WhatsApp. Hakuna aliyewahi kusikia. Mmoja alisema, "Hiyo ni ya Ulaya." Ni ya Kenya, buda. Iko kwa Sura ya 488, iko bure kwa mtandao, na mtu ambaye angefaa kukuambia ni wakili wa benki, ambaye halipwi kukuambia.

Sasa mtasema, si nyinyi mnaosoma sheria muende upande wetu basi. Rahisi kusema. Hebu tuangalie njia yenyewe.

Digrii ya sheria ni miaka minne. Ukimaliza hujakuwa wakili bado, wewe ni mtu aliye na digrii. Unaenda Kenya School of Law, na karo yake pekee inapita laki moja kabla hujalipa nyumba wala kununua suti ya kuvaa huko. Kuna miezi sita ya uanagenzi kwa ofisi ya mawakili. Kuna mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, karatasi tisa, na ukianguka unalipia kurudia. Halafu Jaji Mkuu akuapishe. Rafiki yangu alifanya ile miezi sita kwa ofisi moja kubwa mjini, wanashughulikia mabenki. Alikuwa anapewa pesa inayotosha nauli ya kutoka Kayole na chapati mbili. Alikuwa anatoka saa nne usiku. Waliobaki wakaajiriwa walikuwa wale ambao wangeweza kukaa mjini bila mshahara, yaani watoto wa watu walio na nyumba Kileleshwa tayari.

Na yule wa Kayole akifaulu kupita, HELB inamngoja mlangoni, mdogo wake anangoja karo, na mzee ameshaambia kijiji kizima kwamba mtoto ni wakili. Halafu aje achague kati ya ofisi ya Upper Hill na kazi ya kutetea wateja wa mikopo ya simu wasio na pesa ya kumlipa? Mnataka achague nini? Mimi simlaumu. Namlaumu anayemwambia hilo ni suala la "kufuata ndoto zako". Tumepanga hii njia ikamue maskini hadi anapofika mwisho hana budi kuuza kalamu kwa anayelipa zaidi, na kwa sheria ya fedha anayelipa zaidi daima ni yule aliye na fedha.

Lakini kuna kitu hamtaambiwa na wale wa video za kahawa. Upande wa pili si wa kufa njaa. Benki Kuu ina mawakili. Shirika la Bima ya Amana lina mawakili, na hao ndio waliobaki na kazi baada ya Imperial Bank kufungwa Oktoba 2015 na Chase Bank Aprili 2016, watu wakaamka kadi hazitoi kitu, wakati ambapo bima ilikuwa inalipa laki moja pekee. Imepandishwa hadi laki tano tangu 2020, na hata hiyo iliandikwa na mtu. Ofisi ya Kamishna wa Data ina mawakili. Mamlaka ya Ushindani, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, idara ya sheria ya Bunge. Ni kazi za mshahara, zina bima, zina likizo. Hazina dirisha la kuona jiji lote. Na kama ni kuomoka haraka unataka, nenda Westlands, sitakufuata na fimbo.

Kitu ambacho sitakunyamazia ni lugha. Hapa naomba wanafunzi wa sheria mkae chini. Ili uingie kusoma digrii ya sheria Kenya unahitaji C+ na angalau B ya Kiingereza ama Kiswahili. Ama Kiswahili! Nchi ilikubali kwamba mtu anayekijua Kiswahili vizuri anatosha kuwa wakili. Katiba, Ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ibara ya 46 inasema mtumiaji ana haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidika na kile anachonunua. Halafu nionyeshe mkataba mmoja wa mkopo uliowahi kuuona kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida. Matangazo je? Hayo yote ni Kiswahili, tena Sheng safi, na jamaa wa kuchekesha na ngoma ya Gengetone. Wakikuita uchukue pesa wanaongea lugha yako. Ukifika kwa kipengele cha kuchukua pikipiki yako, lugha inabadilika ghafla.

Msiniambie istilahi hazipo. Riba ipo. Dhamana ipo. Rehani ipo tangu zamani kabla ya benki ya kwanza kufika Mombasa. Mdaiwa, mdai, mdhamini, amana, faini, notisi. Msamiati wote upo, anayekosekana ni wa kulipa wakili aandike kurasa mbili zinazoeleweka badala ya 19 zisizosomwa. Na hakuna anayelipa kwa sababu ukielewa kurasa mbili unaweza kukataa.

Hii haijaisha, inaanza tena sasa hivi. Mwaka wa 2025 tulipata sheria ya wanaotoa huduma za mali za kidijitali, yaani kripto na jamaa zake, na Benki Kuu pamoja na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji zikapewa usimamizi. Mko wengi humu mnaocheza na hizo vitu usiku. Kila neno la hiyo sheria litahitaji mtu wa kusema maana yake. "Mali" ni nini, "mteja" ni nani, pesa ikipotea ni ya nani. Nawaahidi kuna watu wamekalia hayo maneno leo, na wanalipwa kwa saa.

Na kabla mtu aandike kwa komenti kwamba bila mawakili wa benki hakuna benki itakopesha mtu, nakubaliana na wewe, tulia. Ile sheria ya 2016 tuliyoshangilia ilituumiza pia. Benki zilipoona haziwezi kulipisha mfanyabiashara mdogo kulingana na hatari yake, ziliacha kumkopesha, zikapeleka pesa kwa dhamana za Serikali, na yeye akakimbilia apu za mkopo. Machi 2019 Mahakama Kuu ilisema kifungu chenyewe, 33B, hakieleweki, maneno yake hayana mipaka, na Novemba mwaka huo kikafutwa. Upande wetu uliandika sheria kwa hasira, upande wao ukaisoma kwa makini. Hakuna aliyekaa akauliza, "Je, wakiiita ada?"

Kwa hivyo nyinyi wa mwaka wa tatu na wa nne mnaoniuliza DM kuhusu doo, nina kazi ndogo kwenu. Tafuteni hicho kifungu cha 33B kilichokufa, ni kifupi, kinatoshea kwa skrini ya simu. Kiandikeni upya, kwa Kiswahili, ili asilimia 7.5 kwa mwezi isipate pa kujificha na bado mama wa duka akopesheke. Nitumieni. Zile tatu zilizoandikwa vizuri nitaziweka hapa tuzichambue, na nimeshaongea na wakili mmoja wa benki, wa zile suti haswa, amekubali kuja kuzitafutia mwanya.